Kicheko cha Kabula na Kibali cha Jina Moja

Kaeni, lakini msistarehe sana. Hadithi ya leo haimwachi mtu atulie. Niliwahi kuisimulia harusini, watu wakaacha pilau ikapoa. Nikaisimulia kwenye foleni ya maji, ndoo zikasahaulika na majirani wawili wakanuniana mpaka leo. Mimi mwenyewe kila nikiifikisha mwisho natamani kusimama nitembee kidogo. Basi nawapa watu watatu, kanda moja ya video, na karatasi yenye nafasi ya jina moja. Masikio fungueni sasa, midomo mtaifungua nikimaliza. Tumekubaliana? Haya.

Palikuwa na mji mdogo wa reli, ukiitwa Igombeloni, katika zama zile za kanda za video, kabla picha hazijaanza kutembea kwenye simu. Mjini hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Deusi, mpiga picha za harusi na ubatizo. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akiingia sebuleni kwako leo na kesho akarudi, anakuambia kikombe umekihamisha. Msichana akishona upya kifungo kimoja cha blauzi, Deusi anakiona toka ng'ambo ya barabara. Kwa sababu hiyo hakuoa mapema. Kila mchumba alichoka kutazamwa.

Wa pili alikuwa Pazi, Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli akazeekea bara. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Alimtukana mtu toka unyayo hadi utosi, na yule mtu akaishia kumnunulia chai. Wenyeji wa mji ule ni Wanyamwezi, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za mababu. Wanasemana, wananyang'anyana vitu, na kununa ni mwiko. Ukinyang'anywa kitu na mtani wako, unakikomboa kwa kumpa anachotaka, yanaisha. Akifa mtu, mtani ndiye anayeingia msibani kumwigiza marehemu, kuvaa koti lake, kudai viatu vyake, kumsema ubahili wake mbele ya mjane, mpaka waliozama kwenye kilio wapate pumzi. Kazi hiyo pale mjini ilikuwa ya Pazi, na msiba ambao hakufika ulionekana kama umesahau kitu.

Wa tatu alikuwa Bi. Nyamizi, mjane aliyeuza maandazi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Neno likishaingia kwake halitoki. Alikuwa anaweza kukurudishia hotuba ya mkuu wa wilaya yote, na kikohozi cha mkuu wa wilaya akakiweka pale pale kilipokuwa.

Bi. Nyamizi alikuwa na binti mmoja tu, Kabula, fundi cherehani. Na Kabula alikuwa na kicheko. Sijui niwaelezeje. Kilianzia chini, kikakwama kidogo kooni, halafu kikamponyoka, na aliyekuwa karibu alicheka kabla hajajua kinachochekesha. Nimekutana na watu waliokisikia mara moja tu sokoni, na bado wanakizungumza.

Siku moja Deusi akasema, "Nimechoka kupiga picha za keki. Tutengeneze picha yetu wenyewe."

"Ya nini?" Pazi akauliza.

"Ya matanga. Mzee amefariki, mjane hali wala hanywi, anakuja mtani. Mtani ni wewe."

"Na mjane?"

Kabula alikuwa amekaa hapo hapo na uzi mdomoni. Akasema, "Mjane ni mimi. Lakini Babu Pazi, usinichekeshe kabla ya wakati wangu."

Mazoezi yakafanyika uani kwa Bi. Nyamizi, kati ya jiko na kamba ya nguo. Picha yenyewe ikapigwa pale pale. Mama mtu anasukuma unga, anageuza maandazi, na kila neno linaingia sikioni na kukaa. Pazi hakufuata maneno waliyopanga. Kila kamera ikiwashwa aliongeza tusi jipya, moja kubwa kuliko lingine. Mwisho wa picha anajilaza mkekani penye nafasi ya marehemu, anajifunika shuka, anasema yeye habanduki hapo mpaka apewe koti, viatu na mjane. Hapo ndipo Kabula anapocheka. Hakuwa anaigiza. Deusi alijua, akaiacha kamera iendelee.

Picha ikaisha. Haukupita muda, Kabula akashikwa na homa. Huyu akasema malaria, yule akasema si malaria, na walipokuwa bado wanabishana Kabula akafa.

Nitasema haraka sehemu hii kwa sababu siipendi. Pazi alifika msibani. Watu wakampisha, wakajua sasa mtani atafanya kazi yake. Akasimama mbele ya jeneza, akafungua mdomo, na mdomo haukutoa kitu. Akakaa chini akalia kama wengine. Kabula akazikwa bila mtani wake kusema hata neno, na Pazi toka siku hiyo alikuwa mtu anayepita barabarani akijifanya ana haraka.

Deusi akaona afanye alichoweza. Akaipeleka picha kwenye kibanda cha video, akaionyesha mwenyewe jioni baada ya jioni, kwa kanda ile ile moja. Nakala hakutengeneza. Alisema nakala inafifisha rangi, na jicho lake lisingevumilia. Mji mzima ulijazana. Walilia, kisha wakacheka, wakatoka wamefarijika.

Lakini kibanda kilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa Bi. Nyamizi, na kuta zake zilikuwa mabati. Mama huyu amekaa barazani kwake, anasikia umati unaangua kicheko, na katikati ya kicheko cha watu anakisikia cha mwanawe, hai kabisa, kila jioni saa ile ile. Siku ya kwanza aliziba masikio. Siku nyingine akahama barazani akaenda chumbani. Mwishowe akajifunga khanga mbili, akaenda ofisi ya wilaya, akasema, "Kuna picha mbaya inaonyeshwa mtaani. Inadhalilisha marehemu. Izuieni." Hakumwambia mtu. Hata mimi ningekuwa jirani yake nisingejua.

Serikali nayo ilikuwa na Kamati ya Picha, huko mji mkuu, yenye kazi ya kuamua watu waone nini. Ikaleta agizo: picha ipelekwe ikakaguliwe. Watengeneza picha wengine wakipata agizo kama hilo walipeleka nakala, kanda mama wakaificha chini ya godoro. Deusi, mtu mnyoofu kupita kiasi, alipeleka kanda mama.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kamati ile, maana ndio uliozaa balaa. Kanda zilikuwa nyingi, wakaguzi watatu. Kuokoa muda waligawana kila picha vipande vitatu. Mkaguzi wa kwanza anaangalia mwanzo, anaandika neno moja, anampitishia wa pili anayeangalia katikati, naye anampitishia wa tatu. Hakuna aliyewahi kuona picha nzima tangu aajiriwe. Mwanzoni mwa picha ya Deusi inaelezwa wazi kwamba mzee anayekuja ni mtani, tena anasalimiwa kwa utani mlangoni. Mkaguzi wa kwanza akaandika "Inafaa." Wa pili akaandika "Inafaa." Wa tatu akawasha deki, akakuta mzee asiyemjua amejilaza mahali pa maiti akimtukana marehemu na kumtaka mjane, na mjane anacheka. Nywele zikamsimama.

Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya: picha hiyo ni marufuku kuonyeshwa popote, kwa kuwa inakiuka mila zetu kuhusu wafu. Kanda itateketezwa pamoja na nyingine Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Mila zetu! Waliosoma wakarudia kusoma, maana utani wa msibani ndio mila yenyewe.

Bi. Nyamizi alikuwa ameomba picha izuiwe. Hakuomba ichomwe. Aliposikia neno "kuteketezwa" aliketi chini sokoni, kwenye vumbi, na sinia la maandazi mapajani. Alikuwa na picha moja ya Kabula ya kitambulisho, ndogo, amekaza uso. Sauti hakuwa nayo popote isipokuwa kichwani mwake, na kichwa cha mtu kinazeeka. Akanyanyuka akamtafuta Deusi. Deusi alikuwa tayari anafunga begi. Pazi wakamkuta stesheni, ameshakata tiketi yake.

"Mnakwenda kufanya nini?" mwenye duka la stesheni aliwauliza.

"Hatujui," Pazi akajibu. Garimoshi likaondoka.

Walifika mji mkuu Ijumaa yenyewe. Kosa la reli, si lao. Wakaulizia ofisi wakielekezwa kushoto, kulia, tena kushoto, na walipoikaribia wakaona moshi mweusi unapanda nyuma ya jengo. Wakakimbia. Bi. Nyamizi na khanga zake, Pazi na magoti yake, wote wakakimbia.

Uani kulikuwa na pipa la moto, kijibwa kimefungwa mtini, na mtu mmoja mwenye glavu aitwaye Sefania, anachota kanda kwenye rundo na kuzitumbukiza. Ghala la kamati lilikuwa linavuja, mvua ilikuwa imeng'oa lebo zote. Rundo zima lilikuwa kanda nyeusi zisizo na jina, zinafanana kama punje za njugu.

"Ipi yenu?" Sefania akauliza. "Mimi sizijui. Nimeambiwa choma."

Bi. Nyamizi akatazama rundo, hakuona kitu. Pazi akatazama, hakuona kitu. Deusi akasogea. Macho yake yalipita juu ya rundo mara moja, yakarudi, halafu yakaacha rundo kabisa yakaenda kwenye mkono wa Sefania.

"Hiyo! Usiachie!"

Glavu ilikuwa imeshafika juu ya pipa. Deusi alikuwa amewahi kuifungua kanda ile kuikarabati, na parafujo moja ilipopotea Kabula alimpa nyingine, ya shaba, iliyotoka kwenye cherehani yake. Ukubwa wake ni kama kichwa cha kiberiti. Ndiyo iliyomeremeta kwenye mwanga wa moto. Kama si jicho la Deusi, kanda ingekuwa majivu na hadithi ingeishia hapa.

Lakini Sefania hakuitoa. Akaishika kifuani akasema, "Bila agizo la Mwenyekiti siwezi. Nimepewa muda mpaka ofisi zifungwe. Sitaki kupoteza kazi kwa parafujo."

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa ghorofani. Karani akawaambia Mwenyekiti haonani na watu, leo ni siku yake ya mwisho kazini, Jumatatu anakuja mwingine. Deusi akaanza kueleza, karani akamkatiza. Bi. Nyamizi akaomba, karani akatazama saa. Pazi alikuwa anasoma kibao cha mlangoni: Bwana Mihayo Kapalata. Akalisoma jina mara ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Kabula uso wake ukabadilika. Hilo ni jina la Kinyamwezi.

Akafungua mlango bila kubisha.

"Kumbe ni wewe, mpagazi!" akafoka. "Babu yako alipita kwetu na meno ya tembo kichwani, akaomba maji ya kunywa mpaka kisima kikakauka. Leo umekalia kiti cha watu! Nani alikuruhusu kutua mzigo?"

Karani akashika mdomo. Deusi akafumba macho, na Deusi hakuwa mtu wa kufumba macho. Pazi akasogea mezani, akachukua mhuri wa kamati, akautia mfukoni mwa kanzu.

"Nimekunyang'anya. Unajua sheria. Uukomboe."

Mwenyekiti akainuka taratibu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye suti iliyomkaba. Kwa muda hakuna aliyejua kama ataita polisi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mzaramo. Nilidhani mmekwisha, na uvivu ule." Na mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akatafuta leso. "Miaka yote niliyokaa humu hakuna aliyenitukana usoni. Wananisubiri nitoke. Sema, mla nazi wewe, mhuri wangu nitaukomboaje?"

"Iangalie picha yetu. Wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ni hilo tu."

Kama si mdomo wa Pazi, mlango usingefunguka, na Sefania angemaliza kazi yake.

Kanda ikaletwa, deki ikawashwa. Mwenyekiti, karani na wale wakaguzi watatu wakakaa. Picha ikatokea, safi kabisa, ua wa Bi. Nyamizi, kamba ya nguo. Midomo inacheza. Sauti hakuna. Unyevu wa ghala ulikuwa umekula sauti kuanzia mwanzo, hata pale panapoelezwa kwamba mzee ni mtani.

Mkaguzi wa tatu akasema, "Mnaona? Mtu tu anaingia."

Mwenyekiti akamtazama Pazi kwa masikitiko. "Bwana, mimi nakuamini. Lakini niandike nini? Kwamba nilisikia kisichosikika?"

Bi. Nyamizi akavuta kiti chake mpaka karibu na televisheni. Akaanza kusema. Alisema maneno ya mjumbe wa nyumba kumi kwa sauti ya mjumbe, na ya jirani mbea kwa sauti ya jirani mbea. Alisema salamu za utani za mlangoni zote, hapa wanapokatizana, pale mtu anapopiga chafya. Midomo kwenye kioo ikisogea, neno lilikuwa hapo. Mkaguzi wa kwanza, aliyewahi kuusikia mwanzo huo, akanong'ona, "Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo kabisa."

Halafu Kabula akatokea kwenye kioo, na mama yake akasema maneno ya Kabula. Alisema, "Mama, sitaki uji. Mume wangu hayupo, nile na nani?" Hakusimama. Deusi ndiye aliyetoka akaenda kuegemea ukuta wa nje, akarudi.

Wakafika sehemu ya tatu. Pazi wa kwenye picha anajilaza, anajifunika, na Bi. Nyamizi anayasema yale matusi, yote, mbele ya viongozi wa Serikali, bila kuruka hata moja. Wakafika kwenye kicheko. Mama akavuta pumzi acheke kama mwanawe, na hapo hapo sauti ya kanda ikarudi. Kicheko cha Kabula kikatoka kwenye spika, kikakwama kidogo, kikaponyoka. Chumba kizima kilicheka. Mkaguzi wa tatu alicheka. Bi. Nyamizi peke yake alibaki na mdomo wazi, pumzi ameishikilia, akisikiliza.

Kama si sikio la Bi. Nyamizi, kamati isingeelewa kitu, na kanda ingerudishwa pipani.

Sasa mnadhani yamekwisha. Bado.

Mwenyekiti akajifuta macho akasema, "Nimeelewa. Tumekosea. Lakini marufuku ikishatangazwa, mimi sina uwezo wa kuiondoa, hilo ni la Waziri. Nilicho nacho ni kibali cha nyumbani. Kanda inatoka na mtu mmoja, kwa jina lake. Anayeruhusiwa kuiangalia ni yeye na watu wa familia yake wanaolala chini ya paa lake. Haiazimwi, hainakiliwi. Sharti moja likivunjwa inarudi kwa Sefania. Nipeni jina."

Najua pale nyuma kuna mjanja anasema si wangenakili kimya kimya. Kwa mashine ipi, bwana mkubwa? Igombeloni nzima ilikuwa na mashine moja ya kunakili, ya mwenye kibanda, na alikuwa amesharipotiwa mara moja. Watu walikuwa wanaogopa, na hofu yao haikuwa ya kubuni.

Pazi akamgeukia Bi. Nyamizi. "Basi nikuoe, tuwe paa moja."

"Nilikukataa ukiwa na meno," Bi. Nyamizi akajibu.

"Mimi nipange chumba kwenu," Deusi akasema.

"Wapangaji hawahesabiwi," karani akasema, na akafungua kalamu.

Deusi na Pazi wakatazamana. Deusi akasema, "Mama, ni yako. Hakuna cha kujadili." Pazi akaitika kwa kichwa. Karani akaanza kuandika herufi ya kwanza.

"Ngoja," Bi. Nyamizi akasema. "Msinipe kwa huruma kitu ambacho hamjui. Aliyekwenda wilayani kushtaki ni mimi."



"Ni wewe?" Pazi akauliza. "Tumeimaliza reli nzima pamoja, unakula mihogo yangu, kumbe ni wewe?"

"Walikuwa wanamcheka mwanangu kila jioni."

"Walikuwa wanacheka naye!"

"Wewe ulijuaje? Ulikuwa unapita mbali na kibanda." Akamgeukia Deusi. "Na nyumbani sitamwonyesha mtu. Nisiwadanganye. Nitafunga mlango, nitamsikiliza peke yangu. Na siku nikishindwa kuvumilia, sijui mkono wangu utafanya nini. Lakini nilimzaa mimi."

Deusi alikuwa amekunjamana uso. "Basi andikeni jina langu. Ni mimi niliyemweka humo ndani. Nisingewasha kamera mngebaki na picha ya kitambulisho. Nitaihifadhi pakavu, sitaigusa. Waziri hubadilika, sheria hubadilika. Siku moja itaonyeshwa kwa kila mtu, salama."

"Siku gani?" Pazi akamuuliza. "Sisi tutakuwa hai? Na utaihifadhi vipi wewe, uliyepeleka kanda mama kwa watu wenye ghala linalovuja?"



"Nipeni mimi," Pazi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Kwangu kuna wake wawili, watoto, wajukuu, wakwe, na mlango haujafungwa tangu niujenge. Watu watamwona leo, si siku moja. Yule mtoto nilimnyima haki yake. Alizikwa kimya kwa sababu yangu. Niacheni nimalize msiba wake, watu wacheke mpaka wachoke."

"Na majirani wakichungulia dirishani?" Deusi akasema. "Na mmoja wao akiripoti? Itachomwa kwa sababu ya mdomo wako, kama ilivyofungiwa kwa sababu ya mdomo wako. Nani alikuambia uongeze yale matusi?"

"Na bila yale matusi angecheka?"



Mwenyekiti akatazama saa. Nje Sefania akapiga kelele kutoka uani, "Mzee! Nizime au niendelee?" Kijibwa kikabweka. Karani alikuwa ameikata ile herufi aliyoiandika, kalamu ipo juu ya karatasi, anawatazama mmoja mmoja. Na watatu hao, waliokuja kwa garimoshi moja, sasa kila mmoja ameshika ukingo wa meza upande wake.

Deki ilikuwa bado inazunguka, hakuna aliyekumbuka kuizima. Kwenye kioo Kabula alikuwa amemaliza kucheka, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, anaitazama kamera, na chumbani humo hakuna aliyeweza kumuuliza yeye angetaka nini.

Haya. Mimi nimeshafika mwisho wa ninachokijua, na sikai tena. Ukimpa mama, kicheko kinafungiwa chumbani. Ukimpa Deusi, kinasubiri sheria ambayo haijaandikwa. Ukimpa Pazi, kinasikika leo, na kesho huenda kikawa moshi. Usiniambie wagawane, wala usiniambie Waziri ataingilia. Karani hana muda na Sefania anasubiri jibu.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, kalamu hii hapa. Andika jina. Ni nani?